Jicho la Milimita Moja: Kuunda na Kupaka Rangi Modeli ya Ndege ya Kivita Hurricane

Seti kubwa ya kuundia modeli ya ndege huja katika sanduku lenye fremu nyingi za plastiki ya kijivu, na juu yake mfuko mmoja mdogo uliofungwa peke yake. Ndani ya mfuko huo mna vipande vichache visivyo na rangi: kioo cha mbele cha rubani, kifuniko cha chumba chake, na vioo vya taa za mabawani. Waundaji wenye uzoefu huuhifadhi mfuko huo mbali na gundi na msasa, na huufungua mwisho. Makala haya yanahusu kazi nzima ya kuunda na kupaka rangi modeli ya ndege ya kivita ya zamani. Hata hivyo, mwandishi wake ni daktari bingwa wa macho, na kwa daktari wa macho kile kifuniko kidogo ndicho kinachostahili bei ya sanduku zima.

Katika kliniki yetu, mgonjwa wa mtoto wa jicho anapoelezwa kuwa lenzi yake iliyoingia ukungu itaondolewa na mahali pake patawekwa lenzi ya bandia, swali linalofuata ni lile lile karibu siku zote: "Daktari, hicho mtakachoniwekea ni kitu gani?" Akijibiwa kuwa ni aina ya plastiki, uso hubadilika. Plastiki anayoijua yeye ni ndoo iliyopasuka na mfuko uliozagaa njiani. Itakaaje ndani ya jicho la binadamu kwa miaka 20? Haitaoza? Jicho halitaikataa? Wapo wanaorudi nyumbani na hofu hiyo, nasi hatuwaoni tena mpaka jicho la pili nalo limeziba na wanashikwa mkono na wajukuu. Kwa muda mrefu nililieleza jambo hili kwa michoro. Siku hizi, juu ya kabati la chumba changu cha ushauri, ipo Hurricane.

Hawker Hurricane ilibuniwa na mhandisi Mwingereza Sydney Camm, na iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935. Zaidi ya ndege 14,000 za aina hiyo ziliundwa. Katika mapigano ya angani juu ya Uingereza mwaka 1940, vikosi vya Hurricane vilikuwa vingi kuliko vya Spitfire, ingawa Spitfire ndiyo iliyobaki na sifa na picha kwenye makasha ya biskuti. Hurricane haikuwa nzuri wa sura. Ilikuwa na mgongo ulionundu, mabawa manene, na nusu yake ya nyuma ilikuwa mabomba ya chuma yaliyozungushiwa mbao na kuvikwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Fundi wa kawaida aliweza kuziba tundu la risasi kwa kiraka. Hata huku kwetu ndege hiyo haikuwa ngeni: marubani wa kikosi cha 3 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini waliirusha kutoka Kenya katika vita dhidi ya Waitaliano mwaka 1940 na 1941.

Modeli ninayoizungumzia ni ya kampuni ya Airfix, ya kipimo cha 1:24, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Maana ya kipimo hicho ni kwamba kila sentimita 24 za ndege halisi huwa sentimita 1 mezani. Mabawa ya mita 12.2 huwa sentimita 51, upana wa meza ndogo ya kahawa. Modeli nyingi zinazouzwa ni za 1:72, kipimo ambacho kilienea wakati wa vita kwa sababu za macho hasa: mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa sekondari wachonge modeli 500,000 za kipimo hicho, ili askari wajifunze kutofautisha ndege za adui na zao. Modeli ya 1:72 ikitazamwa kutoka mita 10 huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Kwa macho ya kijana, kipimo hicho kinafaa. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, kama mimi na wengi wa wasomaji wa jarida hili, kubwa ni afadhali.

Kazi huanzia ndani na kwenda nje. Kwanza ni chumba cha rubani: sakafu, kiti, usukani, ubao wa vipimo, kuta zenye mabomba. Kila kipande hukatwa kutoka kwenye fremu kwa koleo ndogo, kisha kisiki kinachobaki hupunguzwa kwa kisu chenye ncha kali na kulainishwa kwa msasa. Hapa ndipo majeraha mengi hutokea, na yale ya vidole si ya kutisha sana. La kuogopa ni ncha ya wembe inayovunjika. Kisu kikibanwa kwa nguvu kwenye plastiki ngumu, ncha yake ya milimita moja au mbili hukatika na kuruka, na njia yake ni ile ambayo uso umeinamia. Miwani ya kinga ya fundi wa kuchomelea, ile ya plastiki nyepesi inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, inatosha kabisa kuizuia. Miwani ya kusomea haitoshi, kwa sababu iko wazi pembeni.

Kwa wahudumu wa afya wa zahanati na vituo, nasisitiza hapa kwa sababu jeraha la aina hii si la waundaji modeli peke yao. Hutokea kwa mafundi seremala, wachonga mawe na watoto wanaogonga misumari. Kitu kilichochoma jicho kisichomolewe. Jicho lisibanwe kwa pamba wala bandeji, bali lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa kwa plasta kwenye mfupa wa paji na shavu. Lisitiwe marhamu. Mgonjwa asipewe chakula wala kinywaji, akumbukwe kwa chanjo ya pepopunda, na apelekwe siku hiyo hiyo hospitali yenye upasuaji wa macho. Maziwa, maji ya majani na asali vibaki jikoni.

Turudi chumbani mwa rubani. Mbele ya ubao wa vipimo, kati ya miguu ya rubani na injini, Hurricane ilikuwa na tangi la akiba la petroli la lita 127. Nililikatia tangi hilo kwa karatasi za plastiki ili lilingane na kipimo, na hesabu yake inatia simanzi. Ujazo hupungua kwa 24 mara 24 mara 24. Lita 127 huwa mililita 9 na ushei, yaani kiasi cha vijiko viwili vya chai, dozi ya dawa ya kikohozi. Likishikwa kwa vidole halina uzito wowote. Lakini ukiliweka mahali pake, na kiti cha rubani nyuma yake, unaona kwamba hakuna nafasi hata ya upana wa ukucha kati ya tangi na mapaja ya mtu. Matangi mengine mawili yalikuwa kwenye mashina ya mabawa, na upepo uliopita huko uliweza kuusukuma moto moja kwa moja hadi kwa rubani. Baadaye matangi ya mbele yalivikwa mpira wa kuziba matundu. Kwa waliokwisha kuungua, hatua hiyo ilichelewa.

Majeraha yao yalifanana kiasi kwamba madaktari waliyatambua kwa kuyaangalia tu: mikono na uso, sehemu zisizofunikwa na nguo, kope zikiwa zimeteketea. Wengi walifikishwa hospitali ya Queen Victoria katika mji wa East Grinstead, kwa daktari bingwa wa upasuaji Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand. McIndoe aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, na kwa hiyo akaanza kuwalaza waliojeruhiwa katika mabafu ya maji ya chumvi, akiachana na asidi ya tani ambayo ilikausha ngozi na kuikunja vidole. Aliwatengenezea kope mpya kwa ngozi iliyochukuliwa kwingine mwilini, maana jicho lisilofumba hukauka na kupofuka hata kama halikuguswa na moto. Wagonjwa wake waliunda chama mwaka 1941, wakakiita Guinea Pig Club kwa utani wa kujiita panya wa majaribio, na hadi vita vinamalizika chama kilikuwa na wanachama 649. Hospitalini hapo palikuwa pia na karakana ambamo majeruhi walitengeneza vyombo vya ndege. Mikono iliyoungua ilirudishiwa nguvu kwa kufanya kazi halali, na sidhani kama mazoezi ya kubana mpira wa povu yangewapa heshima ile.

Baada ya chumba cha rubani huja injini ya Merlin, kisha kufunga pande mbili za kiwiliwili, kisha mabawa. Hapa mtu hushawishika kutumia gundi ya supaglu kwa kila kitu kwa sababu inashika haraka. Gundi inayofaa plastiki hii, ambayo ni polistireni, ni ile ya maji maji inayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Supaglu ibaki kwa vipande vya chuma na vya resini. Nina sababu mbili za kuionya. Ya kwanza ni ya kiufundi: mvuke wake huacha utando mweupe juu ya vipande vinavyoona. Ya pili ni ya kliniki. Vichupa vya supaglu vinafanana mno na vichupa vya dawa ya macho, na mtu mwenye macho hafifu anayevihifadhi katika droo moja huja kwetu kope zikiwa zimegandana.

Anayepatwa na ajali hiyo asijaribu kuzifungua kope kwa nguvu. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu, afunike kwa kitambaa safi kilicholowa, aende hospitali. Asitumie asetoni wala thina. Mhudumu atapunguza kope zilizonaswa kwa mkasi mdogo na kukagua konea kwa rangi ya fluoresini kuona kama imekwaruzwa. Mara nyingi gundi hujibandua yenyewe ndani ya siku moja hadi nne. Jamaa huogopa kwamba jicho limepotea, na ni vizuri waambiwe mapema kwamba aghalabu halijapotea.

Rubani wa kipimo cha 1:24, akisimama, ana urefu wa sentimita 7 na kidogo. Huyu ndiye aliyenifanya nichague kipimo kikubwa. Mboni nzima ya jicho la mtu mzima, kutoka mbele hadi nyuma, ina urefu wa milimita 24 hivi. Kwa kipimo chetu, jicho la rubani ni milimita 1 kamili. Sehemu inayoonekana kati ya kope ni ndogo kuliko hapo. Hupakwa kwa brashi yenye manyoya machache: kwanza si nyeupe, kwa maana weupe mtupu humfanya rubani aonekane ameshtuka, bali rangi ya krimu iliyotiwa tone la waridi, kisha nukta ya kahawia, kisha mstari mwembamba wa ukope wa juu, ambao ndio unaolipa jicho uhai. Pumzi huzuiwa. Viwiko huegemezwa mezani. Ni mkao ule ule tunaowafundisha madaktari wanafunzi chini ya hadubini ya upasuaji, na kusema kweli wapo wachache ambao ningependa waanze na rubani kabla ya kuanza na mgonjwa.

Wengi huacha kazi za mikono katika umri huu wakidhani mikono imezeeka, kumbe ni macho. Kuona kitu kilicho sentimita 33 kutoka usoni kunahitaji lenzi ya jicho ijikunje kwa nguvu ya dayopta 3. Kukisogeza hadi sentimita 25 kunahitaji 4. Baada ya miaka 40 lenzi hukakamaa, na nguvu hiyo hupungua mwaka hadi mwaka. Fundi cherehani huanza kuomba wajukuu wamtungie uzi. Mtu huyo haumwi na wala hana haja ya matone ya barabarani. Anahitaji kupimwa na kupewa miwani ya karibu, taa yenye mwanga mweupe inayotoka upande wa mkono usioshika brashi, na kuinua macho kutazama mbali kila baada ya dakika 20 hivi. Ajipimishe pia presha ya macho akifika hapo, kwani ugonjwa huo hauumi wala hauonyeshi dalili mpaka umekwisha kuharibu mengi.

Kuna rubani mmoja wa Hurricane ambaye Dar es Salaam ina haki ya kumkumbuka. Roald Dahl, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell katika mji huo vita vilipoanza. Mwaka 1939 aliendesha gari hadi Nairobi akajiunga na jeshi la anga, na huko ndiko alikojifunza kurusha. Septemba 1940 ndege yake ya mabawa pacha, aina ya Gladiator, ilianguka katika jangwa la Afrika Kaskazini. Fuvu lilivunjika, na uvimbe ukamfunga macho kwa wiki kadhaa. Kuona kulirudi. Aprili 1941 alikuwa Ugiriki, akirusha Hurricane.

Kupaka rangi ndiko kunakochukua muda mrefu kuliko yote. Mishono huzibwa kwa puti na kusuguliwa kwa msasa uliolowa maji, ili vumbi lisiruke na kuvutwa mapafuni. Kisha hupuliziwa rangi ya msingi ya kijivu, ambayo kazi yake kubwa ni kufichua kila kasoro iliyofichika. Wanaotumia brashi ya hewa na kompresa hupuliza tabaka nyembamba nyembamba. Wanaotumia brashi ya kawaida wanaweza kupata matokeo mazuri vilevile kwa rangi ya akriliki iliyolainishwa kwa maji na subira. Rangi za thina zina mng'ao wake, lakini mvuke wake huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Inatakiwa barakoa yenye kichujio cha kaboni, dirisha lililo wazi, na chumba ambacho watoto hawalali. Mwenye pumu achague za maji. Thina ikiruka jichoni, hatua ya kwanza ni maji safi mengi ya bomba kwa dakika zisizopungua 15, papo hapo, kabla ya kutafuta usafiri.

Hurricane ya Agosti 1940 ilipakwa juu rangi mbili, hudhurungi ya udongo na kijani kilichokolea, katika mabaka yanayopindapinda, na chini rangi ya buluu hafifu inayokaribia kijani. Ubavuni kulikuwa na miduara ya nyekundu, nyeupe na buluu iliyozungukwa na njano. Hudhurungi na kijani ni mtihani kwa mwenye upofu wa rangi, hali ambayo huwapata wanaume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya, na wachache zaidi miongoni mwa Waafrika. Buluu ile hafifu ni mtihani wa aina nyingine. Lenzi inayoanza kuzeeka hugeuka njano kabla haijawa nyeupe, na njano hiyo humeza buluu kidogo kidogo bila mwenyewe kutambua. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka 1923, aliacha michoro inayoonyesha jambo hilo wazi: ya miaka iliyotangulia upasuaji imetawaliwa na wekundu na hudhurungi. Mzee anayechanganya rangi ya chini ya ndege ikawa ya samawati kali, huku akiapa kuwa ni hafifu, apimwe macho kabla ya kulaumiwa ladha yake.

Sasa ule mfuko mdogo. Kifuniko cha Hurricane kina vidirisha vingi vinavyotenganishwa na mbavu nyembamba, na kila dirisha lazima lifunikwe kwa tepu iliyokatwa kwa umbo lake kabla ya mbavu kupakwa rangi. Kazi hiyo ilinichukua jioni tatu. Kwanza mbavu hupakwa rangi ya ndani ya chumba, kijivu cha kijani, na baadaye rangi ya nje, ili anayechungulia aone rangi sahihi kwa pande zote. Kifuniko hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, kwani haitoi mvuke wala haiyeyushi. Baadhi hukichovya kwanza katika nta ya maji ya kung'arisha sakafu ili kiwe angavu zaidi, na mbinu hiyo hufanya kazi. Kipande cha modeli ni cha polistireni angavu. Kile cha ndege halisi kilikuwa cha akriliki, polimethili methakrileti, iliyouzwa kwa jina la Perspex: nyepesi, angavu, rahisi kukunjwa kwa joto, lakini ikipigwa risasi hupasuka kuwa vipande vyenye makali.

Tarehe 15 Agosti 1940, Gordon Cleaver wa kikosi cha 601, ambacho ndege zake zilibeba herufi UF ubavuni, alikuwa angani bila miwani yake ya rubani. Wengi husimulia kisa hiki kwa kumpandisha katika Spitfire. Alikuwa katika Hurricane. Risasi zilipasua kifuniko, na vipande vya Perspex vikaingia macho yote mawili. Alijipindua nje ya ndege akiwa haoni, akafungua mwavuli, akafika chini hai. Alifanyiwa upasuaji mara 18 usoni na machoni. Jicho la kulia lilipotea, la kushoto likaokolewa. Miongoni mwa waliomtibu alikuwa daktari wa macho Harold Ridley.

Ridley alijua, kama kila daktari wa macho anavyojua, kinachotokea chuma kikibaki ndani ya jicho: hushika kutu, na kutu hiyo huiua retina. Shaba ni mbaya zaidi, huwasha jicho zima. Lakini vipande vya kifuniko cha rubani vilikuwa vimekaa kimya. Hakukuwa na wekundu wala usaha. Mahali ambapo maambukizi hayakuingia, jicho lilikaa navyo mwezi baada ya mwezi kana kwamba havipo. Ridley alikuwa na tabia ya kutazama. Wakati wa vita hivyo hivyo alitumwa Gold Coast, Ghana ya leo, na huko alichunguza macho ya wanakijiji wa Funsi waliopofushwa na usubi, akaandika maelezo ambayo wataalamu wa ugonjwa huo waliyategemea kwa miaka mingi.

Vita vilipokwisha, mwanafunzi wa udaktari aliyemtazama akitoa mtoto wa jicho alimuuliza kama hatarudishia lenzi nyingine. Siku zile jibu lilikuwa hapana. Lenzi ikishatolewa, mgonjwa alivaa miwani mizito ya dayopta 10 au zaidi, iliyokuza vitu kwa robo na kupindisha mlango aliokuwa akitaka kupita. Ridley aliiomba kampuni ya Rayner imtengenezee lenzi kwa Perspex iliyosafishwa maalumu, na tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, aliiweka kwa mara ya kwanza ndani ya jicho la mgonjwa. Ilikaa salama, ila nguvu yake ilizidi mno, na mgonjwa akabaki na uoni wa karibu wa kupindukia. Hilo ni jambo ambalo muundaji modeli analielewa upesi: umbo lilinakiliwa vizuri, lakini kitu kilichotumika kilipinda mwanga kuliko lenzi ya asili. Leo tunapima urefu wa jicho kabla ya upasuaji, kwa kuwa kosa la milimita 1 tu hubadilisha matokeo kwa dayopta 2.5 hadi 3.

Wakubwa wa fani walimpinga kwa miaka mingi. Kuweka kitu kigeni ndani ya jicho, walisema, ni kinyume cha yote ambayo daktari wa macho amefundishwa. Malkia alimtunuku cheo cha heshima mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Kwa hiyo mgonjwa anaponiuliza ni kitu gani tutakachomwekea, namshushia ndege kutoka juu ya kabati. Namwonyesha kifuniko. Namwambia, mzee wangu, lenzi tunayotumia katika upasuaji wa kidonda kidogo, yenye kipenyo cha milimita 6, mara nyingi ni ya akriliki hiyo hiyo ngumu. Zile zinazokunjwa na kuingizwa kwa mashine ni ndugu zake laini. Haiozi, haiyeyuki kwa joto la mwili, wala haihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Utando unaoishikilia unaweza kuingia ukungu miezi au miaka baadaye, nasi huutoboa kwa leza katika kliniki, bila kisu. Akipata maumivu makali, wekundu unaoongezeka au uoni unaoshuka katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, arudi siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Na asikubali mtu amsukumie lenzi ndani kwa sindano nyumbani. Njia hiyo ya zamani huleta mwanga wa siku chache na upofu wa kudumu baadaye.

Baadhi huishika ndege kwa mikono miwili na kuizungusha kimya kabla ya kuuliza jambo jingine. Swali la pili huwa kuhusu yule rubani: aliishia wapi? Cleaver aliishi na jicho lake moja kwa zaidi ya miaka 40. Katika miaka ya 1980 jicho hilo nalo likapata mtoto wa jicho. Lilifanyiwa upasuaji, na ndani yake ikawekwa lenzi ya bandia.